Alivyokatwa Mara ya Kwanza

Daktari Ogeto hakuwa mkali, ila swali lake lilikuwa moja tu kwa Milka. Wale waliokupasua mara ya kwanza, walikukata vipi huko ndani?

"Si kovu hili hapa?" Milka akasema, akiinua blauzi.

"Hilo ni la ngozi, mama. Ngozi inaweza kukatwa hivi na kizazi kikakatwa vile. Kama ni mkato wa kulala, chini, nitakuacha ujaribu kuzaa kawaida hapa hapa, tukikuangalia. Kama ni wa kusimama, uchungu unaweza kukipasua kizazi, nikupoteze wewe na mtoto. Niletee kijitabu cha kliniki cha ile mimba. Kikikosekana, tunakupasua Alhamisi kabla uchungu haujaanza. Mimi sibahatishi."

Sasa, wako watu watakaokuambia mwanamke anayekataa kupasuliwa anaogopa kisu. Wapuuzi hao. Kisu Milka alikwishakijua. Alichoogopa ni kurudi na mshono kwenye chumba chake kimoja cha kupanga mjini Migori, chumba kisicho na mtu. Nani ateke maji? Nani amwinulie mtoto? Mama yake mzazi alikuwa amekufa kule Ntimaru. Ochieng, mumewe, alikuwa fundi wa injini za mashua visiwani, na alipopigiwa simu alisema, "Fanya vile daktari anasema," mara akaitwa na wenzake, simu ikakatika. Mama mkwe naye, Mjaluo wa kushika mila, hawezi kulala chumba chenye kitanda cha mwanawe, hata umpe dunia nzima. Aliyezaa kawaida huamka kesho yake akajipikia uji. Hilo tu ndilo Milka alilokuwa akilitafuta.

Hospitali ndogo iliyompasua miaka mitatu nyuma, kule Homa Bay, ilikuwa imefungwa na jengo lake sasa linauziwa saruji na mabati. Basi Jumamosi asubuhi akafunika cherehani yake, akaenda na tumbo lake kubwa mpaka kwa mama mkwe, kando ya ziwa.

Truphena alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani. Kumwona tu, akaacha kazi, akamshika mikono yote miwili.

"Nyar Kuria! Umekuja na mzigo huo wote peke yako?" Ndivyo alivyomwita tangu aolewe, binti wa Kuria, na Kiswahili ndicho walichoongea wawili hao, kila mmoja na lugha ya kwao ameiweka kando.

"Mama, nimekuja kuchukua kile kijitabu cha kliniki. Cha yule mtoto."

Truphena akamwachilia mikono. Akaketi juu ya gunia.

Mtoto yule aliishi siku mbili. Alizikwa Milka akiwa bado kitandani hospitalini, hawezi hata kujigeuza, na aliporudi nyumbani hakukuta kitu, si kofia, si shali. Hakuuliza, wala hakuna aliyemwambia. Miaka mitatu wanawake hao walikula pamoja bila kulitaja jina la mtoto.

"Nilimpa," Truphena akasema.

"Ulimpa nani?"

"Yeye. Aende nacho. Vitu vya mtoto aliyekufa havibaki kwa nyumba, vinaita mwingine. Nikamwekea nguo kaburini, nikamwekea kofia, na hicho kitabu. Kilikuwa na jina lake limeandikwa. Hakuwa na kitu kingine chenye jina lake, nyathina, mwanangu."

Hasira zilimpanda Milka mpaka masikio yakawaka moto. Kitabu ni changu, alitaka kupiga kelele, mwili uliokatwa ni wangu! Lakini utamfokea vipi mtu aliyemtunzia mwanao hivyo? Akaomba tu aonyeshwe mahali alipozikwa. Truphena akampeleka nyuma ya jiko, karibu na ua wa mkonge. Nyasi zilikuwa zimeota sawasawa, na asiyejua angepita juu. Milka akalia hapo kwa mara ya kwanza. Wazo la jembe lilimjia, Mungu amsamehe, likaondoka.

"Kilikuwa na jambo kubwa ndani?" Truphena akauliza.

Milka akamweleza yote, mkato wa kulala na mkato wa kusimama. Mama mkwe akashika kichwa. "Uwi! Kumbe ni mimi ninakupeleka kwa kisu."

"Hapana, Mama," Milka akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na wote wawili waliisikia.

Alhamisi akaweka sahihi, akapasuliwa. Msichana, mzima, mwenye kelele. Kesho yake asubuhi Daktari Ogeto akaja kitandani na kijitabu kipya mkononi.

"Nimeliona kovu lako la zamani. Walikukata chini, wa kulala, kazi safi." Akakiweka kijitabu kitandani. "Ungeweza kujaribu. Lakini sasa umepasuliwa mara mbili, na baada ya mbili siruhusu tena. Nimeandika kila kitu humu. Kitunze."

Milka akamshukuru. Adabu nayo ni kitu cha ajabu, mtu hushukuru hata hapo! Daktari alipotoka ndipo Milka alipolia, na mshono ukamnyima hata kulia vizuri, kila kwikwi ikimchoma.

Saa za kuona wagonjwa, Truphena akaingia na chupa ya uji, vumbi la safari miguuni. Alimpokea mtoto lakini hakumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala wiki nzima.

"Daktari amefungua," akasema. "Ameona nini?"

Milka akaitazama ile mikono iliyomshika mwanawe.

"Ameona wale wa kwanza walikata vibaya, Mama. Wa kusimama. Amesema watu kama hao huandika uongo kitabuni, na ningekiamini nikajaribu tungekufa wote wawili."

Truphena akafumba macho, midomo ikicheza. Kisha akacheka kwa sauti hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka, machozi yakimtiririka.

"Nyasaye, Mungu wangu! Kumbe yule mdogo alikibeba kile kitabu ili awaokoe!"

"Ndiyo, Mama," Milka akasema, na kwa mkono mmoja akakisukuma kijitabu kipya chini ya godoro.