Aliyetangulia Kunyolewa

Macho ya Mulenda yalipogeuka manjano, vijana wa Fizi, Kongo, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walikuwa wameshampata mwuaji: Nibigira, mama wa Kirundi aliyemuuzia pombe.

"Njo karuho," walisema, yaani sumu. Wakaapa kumchomea nyumba siku Mulenda atakapokata roho.

Shemeji ya Mulenda, Evariste wa Bukavu, hakuapa wala hakubisha. Kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara moja mjini Lilongwe. Alichukua damu ya Mulenda, akachukua na yake mwenyewe ya kulinganishia, maana alijihesabu mzima.

Alitia matone kwenye vishimo vya sahani, akaosha, akasubiri rangi. Damu ya Mulenda ilikuwa na protini ya gamba la virusi vya homa ya ini, pamoja na kingamwili changa, za mwili ulioshambuliwa juzijuzi. Haikuwa karuho.

Kisha akatazama safu yake. Rangi ilikolea. Protini ileile, ila kingamwili zake zilikuwa kongwe, za mtu anayeishi na virusi miaka mingi bila kuumwa. Akarudia kipimo. Rangi ikakolea tena.

Akakumbuka matanga ya baba mkwe, aliyeuawa Fizi katika vita vya pili: yaliwekwa kambini miezi mitatu tu iliyopita, kifo chake kilipothibitishwa. Ukoo mzima ulinyolewa kwa wembe mmoja, kama ilivyo desturi. Evariste aliziogopa damu za wenzake. Hakungoja mwenzake anyolewe ndipo zake azitie maji. Aliomba kutangulia, wakampisha kwa heshima ya ukwe. Wembe ulimkata kisogoni, ukaenda kwa Mulenda.

Aliporudi kambini, Mulenda hakumtambua mtu tena. Odette, mke wa Evariste, alikuwa akimpepea kaka yake.

"Papa Cécile," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "umeiona ile sumu?"

"Hakuna sumu. Ni damu yangu. Ule wembe, mi njo nilitangulia."

Upepeo ukasimama. "Na mi? Na mtoto?"

"Sijawapima."

Odette alimwonyesha mlango. "Toka, uwaambie bale bijana kabla Mulenda afe. Kama banatafuta nyumba ya kuchoma, ni hii."

Nje vijana walikuwa wamekaa karibu na mlango wa Nibigira. Walipomsikia akisema sumu ni damu yake, wakaangua kicheko.

"Docteur! Huyu mama amekupikia nini hata umtetee?"

Evariste akavua kofia, akawageuzia kisogo walione lile kovu la wembe, akarudia maneno yale tangu mwanzo, polepole. Safari hii hakuna aliyecheka.