Nyuzi Kumi na Nne

Rota iligeuka yenyewe nilipokuwa nikiiteremsha distribyuta mahali pake kwenye injini, taratibu, kama mtu anayegeuza uso kuangalia nani kaingia. Wifi yangu akarudi nyuma.

"Usiogope," nikamwambia. "Meno ya gia yamekatwa mshazari. Ikishuka lazima izunguke kidogo."

Nilikuwa nimeshaipandisha pistoni ya kwanza hadi juu kabisa, na rota, ile ncha inayogawa umeme kwa plagi, sasa ilielekea waya wa plagi ya kwanza, kama inavyotakiwa. Kazi hiyo aliianza kaka yangu. Aliichomoa distribyuta aisafishe, akaiacha mezani, akaingia ndani kunyoosha mgongo, asiamke tena. Tangu hapo lile gari la spoti la zamani, jekundu, la viti viwili, lilikaa gerejini, tundu la injini limezibwa kwa kitambaa. Wifi alizoea kuliita mke mwenzake. Utani, lakini si utani sana. Sasa alikuwa amepata mnunuzi.

"Sitaki kukaa nalo tena," aliniambia.

Tukaurudishia mlango ili mwanga wa taa ya taiming, ya kupimia ni lini plagi inapiga cheche, uonekane, tukaacha dirisha wazi moshi utoke. Wifi akakaa kwenye usukani, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikawaka.

Taa ile humetameta kila mara plagi ya kwanza inapopata umeme, na kwa kumetameta huko puli inayozunguka huonekana imesimama tuli. Nikaizungusha distribyuta kidogo kidogo hadi alama ya puli ikafika nyuzi kumi, kama kitabu kisemavyo. Nikakaza nati.

Nilipoangalia tena, alama ilikuwa kumi na nne.

Nikalegeza, nikarudisha, nikakaza hadi kiwiko kikauma. Mbele ya macho yangu alama ikaanza kutembea, bila haraka, ikafika kumi na nne ikatulia. Mlio wa injini ukanyooka, ukawa uleule niliouzoea kila nikipita kwa kaka. Yeye hakutumia taa. Alitega kwa sikio, na tulibishana juu ya hilo hadi tukanuniana.

Nikaishika distribyuta. Haikucheza hata chembe.

"Wifi, zima gari."

"Nimeshazima."

Nikainua kichwa. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake, na injini bado inaunguruma.

Injini iliyopata moto sana huweza kuendelea kidogo baada ya kuzimwa, kwa masizi yanayowaka ndani. Nilifungua mdomo nimweleze hivyo. Lakini ile ilikuwa bado baridi, na taa mkononi mwangu ilikuwa bado inametameta.

Wifi akashuka. Akaja mbele, akaweka kiganja juu ya madigadi.

"Basi, mume wangu," akasema kwa upole. "Umemaliza."

Ikazimika.

Kesho yake mnunuzi alipokuja, gari likawaka na kuzimika kama gari lolote. Akaniuliza kama taiming haikuwa mbele mno. Nikamwambia aiache hapohapo.

Wifi hakutoka kulitazama likienda. Nilimkuta jikoni amelala kitini, chai imepoa mbele yake. Nikavua viatu mlangoni ili nisimwamshe.