Mashudu ya Chausiku

Mimi Luhende nimezaliwa zizini Misungwi, na mtu akinifundisha habari za mnyama huwa naona ananitukana. Ndiyo maana Mama Selestina, mwenye hoteli ufukweni Ilemela, aliponiita nimtunze farasi aliyemnunua Arusha abebe watoto wa wageni, sikuuliza swali hata moja. Mnyama ni mnyama.

Chausiku alikuwa jike jeusi, mzuri, na mbishi kupindukia. Siku ya kwanza aliniuma bega. Ya pili alipiga teke ndoo ikapasuka. Alizunguka bandani akilia, masikio kayalaza nyuma, akitazama barabara aliyoletwa nayo. Nilimwonea huruma, maana hakuwa na mwenzake hata mbuzi, lakini huruma hiyo niliimeza. Nikamfunga kamba fupi ili anijue mimi ni nani.

Majani makavu aliyokuja nayo yalipokwisha, nikamletea mashudu ya pamba na pumba, ndoo nzima. Kwetu ng'ombe akinyong'onyea, hiyo ndiyo dawa. Alikula yote, nikafurahi.

Asubuhi ya siku ya tano akaanza vituko vipya. Anachimba chini kwa kwato, anageuza shingo kulitazama tumbo, anajibwaga na kutaka kugaagaa. Ng'ombe mgonjwa namjua: hunyamaza, akaacha kucheua. Huyu kelele zake zilifika jikoni. Mgonjwa gani ana nguvu hizo?

"Luhende, tumwite daktari," Mama Selestina alisema.

"Mama, hii ni jeuri tu. Ukimbembeleza leo, kesho atakupanda kichwani."

Nikaifupisha kamba zaidi asiweze kulala. Kila alipojaribu, nilimchapa. Mara nne. Nazikumbuka zote.

Saa saba mchana akaacha ghafla. Alisimama kimya, kisha akanisogelea na kuniwekea kichwa kifuani. Jasho lake lilikuwa la baridi. Nikamkumbatia shingo, nikapaza sauti, "Mama, njoo uone! Ametulia!" Mama akaja na simu, akatupiga picha. Kwenye picha hiyo nimecheka hadi magego yanaonekana.

Kumbe alikuwa amekwisha kumwita daktari wa mifugo bila kuniambia. Dada huyo, Getruda, alimfunua Chausiku mdomo, akatazama fizi zilizogeuka zambarau, akauliza amekula nini. Nikamwambia.

"Kaka, tumbo la farasi si la ng'ombe. Hata kutapika hawezi. Alikuwa anagaagaa kwa maumivu."

"Lakini sasa ametulia, daktari."

"Ametulia kwa sababu tumbo limepasuka. Likishapasuka, maumivu hupungua kidogo. Hatafika jioni."

Nikamfungua kamba. Nilidhani ataondoka, aende mbali nami, na ningeona ni haki yangu. Hakuondoka. Alijilaza polepole pale pale miguuni pangu, kama alivyokuwa akiomba tangu asubuhi, na safari hii sikumzuia.