Makarani Wasiokuwepo

Mradi wetu wa mifugo ulikuwa na ofisi mbili, Handeni na Korogwe, na kila ofisi ilikuwa na mtambo wa kupokezana barua pepe kwa waya wa simu. Wa Handeni niliulea mimi, Mwantumu. Wa Korogwe aliulea Hosiana, Msambaa wa Bungu, mwenye maneno mengi kuliko mimi, na hilo si jambo dogo.

Shida yetu ilikuwa Mzee Athuman, mkuu wa mradi. Mtambo ukishindwa kufikisha barua, humtumia mwandishi taarifa, na taarifa hiyo haitakiwi kuwa na jina la mtumaji, isije nayo ikarudishiwa taarifa. Mzee hakutaka kusikia. Zamani barua ya kumchongea, isiyo na sahihi, ilimhamishia mkoa wa mbali, na donge lile halijamtoka.

"Katika ofisi yangu kila barua ina mwenyewe," alisema.

Basi kwenye kila taarifa tukaandika mtumaji ni "Karani", huku na huko. Karani hakuwepo, wala hakuwa na sanduku la barua. Nilibishana mpaka nikachoka.

Siku moja akaja Koisaba, mfugaji wa Kang'ata. Ng'ombe wa jirani yake walikuwa wameanza kufa kwa homa ya mapafu. Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amewafungia bomani, wanangoja chanjo. Siku hizo za soko huria maduka ya dawa yalizuka kila kona, lakini chanjo ile ilikuwa kwenye friji yetu ya Korogwe tu. Gari la kuja kwetu lilikuwa linaondoka huko saa tisa alasiri, na mtunza ghala hatoi chupa bila maandishi.

Mzee Athuman akaiandika barua mwenyewe. Kwa kuwa maneno ni ya Koisaba, kwa heshima akaweka jina la Koisaba kuwa mtumaji. Akaituma kwa Daktari Josefina wa ofisi ya Korogwe, akisahau kuwa alikwishahamia Mashewa na sanduku lake kufungwa.

Korogwe ikarudisha taarifa kwa Koisaba. Mtambo wangu ukaona hapa hakuna sanduku la Koisaba, ukamjulisha Karani wa Korogwe. Korogwe ikaona Karani hayupo, ikamjulisha Karani wa Handeni. Naye hayupo. Ikawa hivyo, makarani wawili wasiokuwepo wanapeana taarifa, na waya wa simu haupumui. Barua yoyote niliyoandika ilikwama nyuma ya foleni.

Nikachomoa waya mtamboni, nikauchomeka kwenye simu ya mezani nimpigie Hosiana. Ikaita papo hapo.

"Haloo?"

Mluzi mkali ukanitoboa sikio. Mtambo wa Korogwe ulikuwa bado unanitafuta. Nikautukana kwa Kizigua, nikakata. Ikaita tena, nikaanza kutukana vizuri zaidi.

"We Mwantumu, ishia hapo!" Alikuwa Hosiana. "Nami nimechomoa. Nifute foleni?"

"Futa. Na jina la Karani tulitoe, la sivyo kesho ni yale yale."

Mzee Athuman akakunja uso. "Barua isiyo na jina haitoki hapa."

Koisaba alikuwa kwenye benchi akitusikiliza.

"Mzee mwenzangu," akasema, "mbwa wangu akirudi nyumbani bila ng'ombe, simuulizi nani kamtuma. Natoka mbio kuwatafuta."

Mzee akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Litoe," akaniambia.

Tukalitoa kwenye mitambo yote miwili. Nikaandika barua upya, kwa jina la Mzee, kwenda kwa Hosiana. Ikafika. Kisha, kwa kuujaribu mtambo, nikaituma tena ile ya Koisaba kwa Daktari Josefina. Taarifa ikarudi, ikakosa mwenyewe, ikaishia hapo hapo. Waya ukanyamaza. Furaha niliyoipata, ungedhani nimejifungua mapacha.

Dakika chache kabla ya saa tisa jibu la Hosiana likaingia. Nikalisoma kwa sauti: "Chanjo imepakiwa. Dereva anapiga honi, nami nakuja naye."

Koisaba akainuka. Nilidhani atanipa mkono. Akaniwekea kiganja kichwani, kama wazee wa kwao wanavyowaamkia watoto wao, akakiacha pale kidogo. Nami mwenye mdomo wote huu nikainamisha kichwa, kama mtoto wake.