Kijiti cha Clem

...saba tu, kichupa kizima cha mbegu na zilizoota ni saba, na hata hizo Thora hakuzitarajia, maana mbegu ya pasnipi, karoti hizi nyeupe, haikai, ikipita mwaka imekufa, Clem alilisema hilo kila kiangazi kana kwamba mkewe wa ndoa ya miaka hamsini na mmoja hajawahi kulisikia, na sasa amepiga magoti juu ya gunia kando ya ua wa miiba, uma wa bustani umezama nusu kwenye udongo ulioganda, na nyuma yake binti yake Leonie amesimama mlangoni anachezesha funguo za gari, "Mama, yule mtu wa kuuza nyumba anakuja saa tano, bora atukute hatupo," ndiyo, amesikia, ana miaka sabini na sita lakini masikio bado ni yake, ang'oe zote saba, azitie kwenye ndoo, waende zao mjini Hobart kwa Leonie, kwisha, bustani ya nani tena hii, nyanya ziliungua kwa baridi tangu Aprili, sukuma imebaki mashina kwa sababu ya kangaruu wadogo wanaoruka uzio, na Clem yuko makaburini tangu Septemba... jalidi ilikuwa lini, Jumatatu, Jumatano, na jana, mara tatu, asubuhi nyasi nyeupe zinakatika chini ya viatu, na nyumba hii haijapata kung'oa pasnipi kabla ya jalidi ya tatu, mama yake Clem angekuchapa mkono, "Bado zina hasira, mwanangu, ziache zipigwe na baridi zitulie," na siku ya kung'oa ilikuwa sherehe, kizee yule na mwanawe wanapita kwenye safu wakibishana ipi nono kuliko zote, na hiyo nono ndiyo isiyoliwa, inachomekewa kijiti cha mwiba kutoka uani, na ikishachomekewa hata njaa iingie haiguswi, inakaa ardhini mpaka kiangazi, irefuke impite Clem, itoe mbegu za mwaka ujao, Leonie alipokuwa mdogo alikizungukia kijiti kwa mbali kama pana nyuki... "Mama, unanisikia?" anasikia, anasikia, na mwaka jana Julai ni yeye Thora aliyekigusa, Clem hospitalini siku ya nne hali kitu, nyingine zote zimeshaliwa, kwenye safu imebaki moja, ya kijiti, akasimama akaiangalia mpaka miguu ikafa ganzi, akakichomoa kijiti akakitia motoni jikoni ili asikione, akaipika na siagi, akaisaga ikawa supu, akaibeba kwenye chupa ya chai mpaka Hobart, na Clem alikunywa yote, akalamba kijiko, "Umeitoa wapi hii?" "Dukani," akasema, dukani, uongo wa kwanza katika miaka hamsini na mmoja, au tuseme wa tatu, na aibu yake amelala nayo mwaka mzima, ndiyo maana anataka ziishe, zing'oke zote, nyumba iuzwe, asiione tena safu hii, "Naja, Leonie, ya kwanza inatoka," na uma unainuka, udongo unapasuka, inatoka ndefu, ncha imekatika imebaki mkononi mwake, anaipangusa kwenye sketi, anaitia mdomoni mbichi, na utamu huu, jamani, utamu huu... Anaacha kutafuna. Hakuna duka Tasmania nzima linalouza kitu hiki, za dukani ni kama kutafuna kamba, na Clem amekula hizi tangu hana meno mpaka hana meno tena, nani wa kumdanganya, "Duka zuri hilo," alisema, ndiyo, alisema hivyo, akamwangalia, akamshika kidole gumba, na palepale, "Thora, nyuma ya kopo la chai kuna kichupa, mbegu za mwaka juzi, chache, si vibaya ukijaribu," na yeye akadhani ni dawa zinazoongea, mpaka Novemba akakikuta anatafuta majani ya chai, akazimwaga zote kwenye mfereji wa safu hii, akazifukia huku analia, na bado hakuunganisha mambo, mpumbavu mzee, alijua, alijua tangu kijiko cha kwanza na akala yote na akatafuta njia ya kumwambia yaishe... analia tena sasa, wala hajifuti, magoti yameganda, jua la Juni halina kazi yoyote, zimebaki sita, na ya tatu kutoka mwisho ina mabega mapana kuliko zote, Clem angechagua hiyo, mama yake angebisha, "Mama, umepoteza nini hapo chini?" na Thora anapapasa chini ya ua, miiba inamchoma vidole, "Kijiti," anasema, na Leonie, aliyezaliwa katika nyumba hii, anayejua kwamba kijiti kikichomekwa Juni mtu hahami mpaka mbegu zikauke Februari, amesimama palepale mlangoni, na funguo mkononi mwake zimeacha kulia.