Pasipoti Ile ya Kabatini

Nilikaa benchi la nyuma, magoti yananiuma, na hasira ilikuwa imenipanda tangu mlangoni. Nilimsindikiza mpwa wangu, ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, kwenye darasa la Kihispania. Mwalimu ni wakala anayepeleka mabinti ng'ambo kufanya kazi za nyumbani. Huwafundisha mwenyewe, chumba cha nyuma ya ofisi yake, na pasipoti zao zote anazifungia kwenye kabati la chuma pale pale ukutani.

Chiriku aliahidiwa kumtunza bibi mmoja mgonjwa. Juzi kazi ikageuka: kufulia na kupikia nyumba nzima, kulala stoo. Akasema haendi, arudishiwe pasipoti yake. Wakala akamjibu, "Iko salama, tutaongea." Ndege ni Jumatatu na bado wanaongea.

"Sikilizeni," wakala alisema, rula mkononi. "Wenzetu wana hatua tatu kama sisi. Kilicho karibu nami, este, hiki. Kilicho karibu nawe, ese, hicho. Kilicho mbali na sote, aquel, kile. Neno likiwa la kike, esta, esa, aquella. Kama kumsukuma mlevi!"

Uongo hakusema. Mimi Kihispania nilikiokota kwenye majiko ya meli, nakijua. Kilichonichemsha ni vitu alivyovinyooshea rula: ndoo, ufagio, shuka chafu.

"Esta escoba! Ufagio huu! Wote!"

Wakaitika wote. Hakuna aliyenyooshewa kiatu chake mwenyewe, wala mkoba wake.

Chiriku akanyoosha mkono. "Mwalimu, 'hiki ni changu' nasemaje?"

"Hilo halitakufaa."

"Kwa nini lisinifae?"

"Dada, kule utaambiwa leta hiki, peleka kile. Ukishaelewa hapo, umefika."

Damu ikanipanda kichwani. "Es mío!" nikasema kutoka nyuma.

"Mzee, wewe umelipia darasa?"

"Nilikuwa nakohoa tu, mwanangu. Kikohozi cha Kihispania."

Mabinti wakaangua kicheko. Wakala akagonga meza kwa rula. Chiriku hakucheka. Alisimama, akanyoosha kidole kwenye kabati.

"Aquel pasaporte. Pasipoti ile. Nimepatia?"

"Umepatia, lakini huonyeshi kitu kisichoonekana. Kaa."

"Basi ionekane."

"Kaa chini, nimesema!"

"Ionekane, mwalimu," akadakia binti wa benchi la mbele, na mwenzake naye, "Tufundishe vizuri!"

Wakala alikuwa mtu wa sifa, hakutaka kushindwa mbele ya darasa lake. Akafungua kabati kwa kishindo, akatoa fungu la pasipoti lililofungwa kwa mpira, akachomoa ya Chiriku, akaipunga kama anayemwonyesha mtoto peremende.

"Haya, unaiona? Sasa iko kwangu. Wewe unaiitaje?"

"Ese pasaporte," Chiriku akasema, huku anatembea. "Dame ese pasaporte. Nipe pasipoti hiyo."

Wakala akainua mkono juu. Kosa lake hapo. Yeye ni mfupi, na sisi ukoo wetu ni milingoti mitupu. Chiriku aliichukua kama anayeanua kanga kwenye kamba.

"Este pasaporte," akamwambia usoni, kaibana kifuani, "es mío. Na hiyo kazi ya stoo mpeleke mama yako!"

"Mshenzi! Hutapata kazi popote! Nitahakikisha!"

"Hakikisha."

Binti wa benchi la mbele akasimama. "Ese pasaporte," akasema, kidole kwenye fungu. Wa pili akasimama, akakosea, akasema "esa". Wakala hakumsahihisha. Aliangalia fungu, akaangalia mabinti, akalibana kwapani na kukimbilia mlango wa ofisi.

Lakini pale mlangoni nilikuwa nimeshafika mimi.

"Mzee, nipishe."

"Siwezi, mwanangu," nikamwambia, nikashika miimo yote miwili. "Magoti haya yananiuma."

Nyuma yake mabinti wote walikuwa wameshasimama, na Chiriku alikuwa mbele yao.