Jina Lililomlemea

Chupa mia mbili za sosi ya soya zilikuwa zimepangwa sebuleni kwa Wiryatno, zimejaa, zimefungwa, na hazina jina. Mfanyabiashara wa mji wa Semarang aliionja sosi hiyo, akakilamba kijiko mara mbili, akasema ataisambaza madukani kuanzia Ijumaa, mradi tu ipewe jina ambalo mnunuzi mwenye haraka hatalisahau.

Majina yalimiminika. Tukijan, shemeji yake, alipendekeza Majogoo Wawili, kisha Mwezi Mpevu, na alipoishiwa akapendekeza jina lake mwenyewe.

"Shemeji," Wiryatno alimwambia, "kwa jina lako hata nzi hatatua juu ya chupa."

Walicheka wote isipokuwa Sumarsih, mkewe, aliyekuwa jikoni akikoroga sukari ya mnazi. Ukimya wake ulimnyima Wiryatno raha, kwa kuwa jina alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, ila ulimi ulikuwa mzito kulitaja. Jagatnata, mtawala wa ulimwengu. Lilikuwa jina la mwanawe wa kwanza.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mtoto huyo wa miaka mitatu alishikwa na homa isiyosikia dawa. Mama mkwe alisema waziwazi yale ambayo majirani waliyanong'ona: jina limemlemea, apikiwe uji mwekundu na mweupe wa kubadilishia jina, apewe jingine jepesi. Wiryatno akagoma. Yeye, mtoto wa kibarua wa mashamba ya mpunga, hangemvua mwanawe jina la kifalme amwite kama mchunga bata. Wiki ya pili walimzika. Tangu hapo jina lile halikutajwa tena nyumbani, hata Ratri, binti yao aliyezaliwa baadaye, hakulijua. Hakuna aliyemlaumu Wiryatno, na huko kutolaumiwa ndiko kulikomtafuna. Alisali, alitoa sadaka, alifanya kazi mpaka viganja vikaota sugu, na hatia ikabaki palepale.

Jumatano alikwenda kwa mchapaji wa lebo peke yake. Alijiambia kwamba sasa mwanawe atatajwa katika kila jiko. Lakini alijua pia kwamba anamficha mkewe, na mwenye jambo jema hana sababu ya kunyata.

Lebo zilipoletwa, Sumarsih ndiye aliyezipokea. Alisoma moja, akaketi juu ya gunia la soya. Wiryatno alimkuta hapo.

"Nisamehe, Mama Ratri. Nitazichoma zote. Nilimuua kwa kiburi changu, na sasa nimembandika kwenye chupa."

"Hukumuua." Sumarsih hakuinua macho. "Siku uliyokwenda Purworejo kutafuta soya, mama alipika ule uji. Tukampa jina la Untung. Maana yake bahati, basi. Siku nne tulimwita hivyo kila ulipotoka. Alikuwa ameshatuliwa mzigo, Baba Ratri, na bado alikufa."

Wiryatno alishika mwimo wa mlango.

"Miaka kumi na mmoja unaniangalia tu nikiungua?"

"Mwanzoni nilitaka awepo wa kulaumiwa. Baadaye nikaona haya kukwambia, na haya yenyewe ikawa inakua kila mwaka."

Hasira ilimpanda, ikafika kifuani ikaishiwa nguvu. Alitaka kumfokea, lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa amechoka kama yeye, na kwa sababu ileile. Alisogeza bunda la lebo, akaketi kando yake juu ya gunia. Alilijaribu lile jina jepesi mdomoni bila kulitoa sauti. Lilikuwa geni kabisa kwake.

"Mlipomwita hivyo," aliuliza, "aliitika?"

"Aliitika." Sumarsih aliikunja ile lebo, akaikunjua. "Kisha akaniuliza, baba anajua?"